Kodi ya nyumba kwa pensheni ndogo: hesabu ya mwaka wa kwanza haitoshi

Swali: "Nina miaka 61 na nitastaafu nikiwa na 65. Mume wangu ana 66 na hana pensheni yoyote. Hatuna nyumba yetu, tumekuwa wapangaji siku zote. Mfuko binafsi niliochangia umenieleza kwamba nitalipwa pensheni ndogo ya kila mwezi isiyobadilika mpaka nife. Tukiiita hiyo pensheni 100, kodi ya nyumba ni 40, na matumizi mengine yote tukijibana ni 45. Nina akiba pembeni inayolingana na pensheni ya miaka 2. Mfuko unaniruhusu pia kuchukua mkupuo, yaani fedha za mara moja, unaolingana na pensheni ya miaka 3, ila pensheni itashuka hadi 75. Nimefikiria kuuchukua huo mkupuo nimlipe mwenye nyumba kodi ya miaka saba mbele, tukae kwa amani. Je, tutaimudu kodi? Na hilo la mkupuo unalionaje?"

Mama, shikamoo. Umefanya vizuri kuandika kwa mafungu ya 100, nami nitakufuata hivyo hivyo. Sarafu haibadilishi kitu hapa.

Nianze na jibu lenyewe. Kwa nyumba mnayokaa sasa, hapana, pensheni hiyo haitabeba kodi mpaka mwisho. Kwa nyumba ya kodi ya 30, mkihamia kabla hujaacha kazi na akiba yako mkaitengea kazi hiyo moja tu, mnaweza kufika umri wako wa miaka 85 bila kumpigia mtu magoti. Na mkupuo wa kulipia kodi mbele, nakushauri uachane nao. Sababu ni ndefu kidogo, nivumilie.

Kwanza kuna jambo dogo kwenye barua yako ambalo huenda si dogo. Hiyo 40 ni kodi ya leo, au ni ile unayotarajia kulipa siku utakapostaafu? Pensheni uliyotajiwa itaanza miaka minne ijayo. Kama 40 ni ya leo na kodi ikapanda asilimia 5 kila mwaka, siku unakabidhi ofisi utakuwa unalipa karibu 49, na matumizi yale ya 45 nayo yatakuwa yamesogea. Hili huwapata watu wengi sana: wanaweka kodi ya leo kwenye mstari mmoja na pensheni ya kesho. Nitaendelea na 40 kana kwamba ndiyo kodi ya siku ya kustaafu, lakini ukishahakikisha, rudia hesabu zangu kwa namba sahihi.

Tuje kwenye mwaka wa kwanza. Pensheni 100, kodi 40, matumizi 45, yanabaki 15. Hapo wengi hufunga daftari na kusema Mungu ni mwema, tunaweza. Ndivyo hata washauri wengine wanavyofanya, kwa kutumia ile kanuni inayosema kodi isizidi asilimia 30 ya kipato, au 40 ukijikaza. Hiyo asilimia 30 ina historia yake. Mwaka 1969 Bunge la Marekani lilipitisha marekebisho yaliyosukumwa na seneta Edward Brooke, ili wapangaji wa nyumba za umma wasitozwe zaidi ya asilimia 25 ya mapato yao. Mwaka 1981 kiwango kikapandishwa hadi 30. Kilikuwa kikomo cha kuwalinda maskini kwenye nyumba za serikali. Hakuna aliyekaa chini akapima kama mstaafu mwenye kipato kisichopanda ataweza kuishi nacho kwa miaka ishirini.

Na ukitaka kuona kwa nini kustaafu kunapindua kanuni hiyo, chukua Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952. Kwa pensheni za hifadhi ya jamii, uliweka kiwango cha chini cha asilimia 40 ya mapato ya awali kwa aliyechangia miaka 30. Mtu aliyekuwa akilipa kodi robo ya mshahara, asiguswe na lolote jingine ila kushuka kwenye hiyo asilimia 40, kodi ile ile inakuwa zaidi ya asilimia 62 ya kipato chake. Nyumba haijabadilika, mwenye nyumba hajapandisha hata senti.

Sasa mfuko wako umesema pensheni haibadiliki. Umeliandika neno hilo haraka, kama la kufariji, kwa sababu pensheni haishuki. Lakini haipandi pia. Kodi inapanda. Ikipanda kwa asilimia 5 kwa mwaka, baada ya miaka 10 ile 40 inakuwa 65. Baada ya miaka 15 ni 83. Baada ya miaka 19 ni 101: kodi peke yake imemeza pensheni nzima na kudai nyongeza. Utakuwa na miaka 84 tu.

Usiangalie mwisho peke yake, angalia katikati. Mwaka wa kumi ukishapita, ukitoa kodi ya 65 zinabaki 35. Lakini bei za vitu nazo zimepanda, kwa hiyo hiyo 35 inanunua kilichokuwa kikinunuliwa kwa 21 mwaka uliostaafu. Mwaka ule ulikuwa unabaki na 60 baada ya kodi. Yaani una miaka 75, bado una nguvu zako, na maisha yenu nje ya kodi yamepungua hadi theluthi moja.

Kwa hiyo swali la kupiga hesabu ni hili: pengo kati ya pensheni inayosimama na gharama zinazopanda ni kubwa kiasi gani, na je, akiba niliyo nayo inaliziba?

Nimekupigia. Nimechukua miaka 20, bei na kodi zikipanda asilimia 5 kwa mwaka, na akiba yako ikizaa faida ya asilimia 5 hiyo hiyo, baada ya ada na makato. Nimeweka pia sharti kwamba kile kinachobaki miaka ya mwanzo kinarudishwa kwenye akiba na hakiguswi. Kwa gharama za 85 kwa mwezi (kodi 40 na matumizi 45), unahitaji kuanza kustaafu na akiba ya pensheni ya miaka 3 na miezi 11 hivi. Wewe una ya miaka 2. Ndiyo maana nimesema hapana.

Sasa shusha kodi kutoka 40 hadi 30, usiguse kitu kingine. Akiba inayohitajika inashuka hadi pensheni ya mwaka 1 na miezi 11. Unayo.

Nimelirudia hesabu hili mara mbili kwa sababu linashangaza kidogo. Kupunguza kodi kwa robo kunapunguza akiba unayohitaji kwa zaidi ya nusu. Hutapata uwekezaji wowote halali utakaokupa tofauti hiyo kwa miaka minne iliyobaki. Watu hukesha wakitafuta mfuko wenye faida nzuri zaidi, na hali uamuzi mkubwa wa fedha walio nao uko kwenye mkataba wa upangaji.

Uelewe pia kwamba asilimia 5 ni dhana yangu. Mfumuko wa bei ukiwa asilimia 3, na akiba ikizaa 3, kwa kodi ya 30 pensheni yako inajibeba yenyewe miaka yote 20, mradi ziada ya mwanzo mmeiweka. Kwa kodi ya 40 utahitaji akiba ya pensheni ya mwaka 1 na miezi 8. Mfumuko ukiwa mkubwa kuliko 5, hata nyumba ya 30 itawashinda mapema. Tafuta kodi ya mtaa wenu imekuwa ikipanda kwa kasi gani miaka kumi iliyopita. Risiti zako za zamani ni ushahidi bora kuliko takwimu ya taifa, maana takwimu ya taifa inachanganya kila kitu.

Kuhama, basi. Najua si neno tamu kwa watu waliozoea mahali. Lakini kama kuhama kuko njiani, kufanyike ungali kazini. Mwenye nyumba anayemwona mpangaji mpya mwenye hati ya mshahara hana maswali mengi. Akimwona mstaafu mwenye pensheni ndogo anaanza kuuliza mdhamini. Amana na gharama za kuhamisha vitu utazilipa kwa mshahara, akiba ikabaki nzima. Na kila mwezi utakaokaa kwenye nyumba ya 30 ukiwa bado unalipwa mshahara ni mwezi wa kuongeza akiba.

Unapotafuta nyumba hiyo, usikubali kutajiwa kodi peke yake. Uliza jumla: ada za huduma, maji, umeme, taka, ulinzi, na nani anatengeneza kikiharibika. Nyumba ya 30 yenye ada ya 8 si ya 30. Nyumba ya mbali inayowalazimu kupanda magari mawili kwenda hospitali nayo ina kodi iliyojificha kwenye nauli. Angalia ngazi pia. Nyumba ya ghorofa ya nne isiyo na lifti inakuwa rahisi kwa sababu wenzenu wa miaka 75 wameikimbia, na mkilazimika kuhama tena mkiwa na umri huo gharama na usumbufu vitakuwa juu zaidi.

Halafu soma kipengele cha kupandisha kodi kabla ya kusaini. Hapa nataka utulie. Mikataba mingi huwa na sentensi ya namna hii: "Kodi itapitiwa kila mwaka kulingana na hali ya soko." Sentensi hiyo haina kikomo. Soko ni lile mwenye nyumba atakalokwambia. Linganisha na hii: "Kodi itaongezeka kwa asilimia 5 kila baada ya miezi 24." Kwa ya pili, kodi ya 30 baada ya miaka 10 ni kama 38. Ikipanda asilimia 5 kila mwaka ni karibu 49. Tofauti ya 11 kwa mwezi, kwenye pensheni ya 100, kwa sababu ya maneno machache mliyoyajadili siku moja mezani.

Wenye nyumba wengi watakataa mkataba wa miaka kumi, lakini mitatu hadi mitano huwa wanasikiliza, hasa ukiwa na cha kuwapa. Ulicho nacho ni uhakika: kipato kisichotegemea biashara wala bosi, hati ya mfuko ya kuthibitisha, na malipo yanayoweza kutoka benki yenyewe siku moja baada ya pensheni kuingia. Mpangaji mzee, mtulivu, asiyechelewesha, ni mali. Jiuze kwa bei hiyo. Na ujue sheria ya mahali ulipo kabla hujakaa kujadiliana, kwa sababu zinatofautiana sana. Ujerumani, kwa mfano, kwenye mikataba ya kawaida kodi haiwezi kupandishwa zaidi ya asilimia 20 ndani ya miaka mitatu, na kwenye miji yenye uhaba wa nyumba kikomo ni 15. Kwingine hakuna kikomo chochote, na hapo mkataba wako ndiyo sheria yako.

Majina yote mawili yawe kwenye mkataba. Lako na la mume wako.

Sasa mkupuo. Nielewe vizuri, sisemi mkupuo ni mbaya kwa kila mtu. Mwenye deni la riba kubwa, au mgonjwa ambaye daktari amemweleza ukweli, anaweza kuwa na sababu nzuri ya kuuchukua. Lakini kwa kazi unayotaka kuupa, hauwezi.

Unaacha 25 kila mwezi, sawa na 300 kwa mwaka, ili upate 3,600. Gawa mkupuo kwa pensheni ya mwaka unayoiacha: unapata 12. Tafsiri yake ya haraka, ukiweka faida pembeni, ni kwamba baada ya miaka 12 umejilipa fedha zako mwenyewe, na kila mwezi utakaoishi baada ya hapo unapoteza 25. Utakuwa na miaka 77. Hesabu hiyo kila mchangiaji anaweza kuifanya nyuma ya bahasha, na ni ajabu jinsi isivyofanywa.

Hiyo 3,600 italipa kodi ya muda gani? Kwa kodi ya 40 isiyopanda, miaka 7 na nusu. Nadhani ndiko ulikotoa ile miaka saba. Kodi ikipanda asilimia 5, nawe ukiilipa mwaka hadi mwaka kutoka kwenye fungu lisilozaa, inaishia miaka 6 na nusu. Unaamka na miaka 72, mkupuo umekwisha, pensheni ni 75, na kodi ni 56. Zinabaki 19 za kula, kutibiwa na kuishi watu wawili.

Lakini utasema, nitamlipa mwenye nyumba yote kwa pamoja, kwa bei ya leo, isipande. Hapo umehamisha hatari kutoka kwenye kodi na kuiweka kwa mtu. Mwenye nyumba anaweza kuiuza. Anaweza kufilisika benki ikaichukua. Anaweza kufariki, warithi wakagombana, na wewe ukawa na karatasi unayozunguka nayo mahakamani. Nyumba inaweza kuungua. Mkikosana na jirani mkataka kuhama, fedha zimelala huko. Punguzo la kukufidia kwa hatari hizo zote lingepaswa kuwa kubwa mno, na sijaona mwenye nyumba anayelitoa. Miezi mitatu mbele, sawa. Mwaka mmoja kwa punguzo la maana na risiti inayoeleweka, labda. Miaka saba, hapana.

Kuna mtego mwingine wa mkupuo usiosemwa sana. Nchi nyingi zinazotoa ruzuku ya kodi kwa wazee huangalia akiba zao. Uingereza, kwa kawaida, mwenye akiba inayozidi pauni 16,000 hapati ruzuku ya kodi, isipokuwa kama anapata ule msaada wa kima cha chini wa wastaafu. Mtu mwenye pensheni ndogo angeweza kustahili. Anachukua mkupuo, akaunti inavimba, anakataliwa. Kwa hiyo kabla ya kusaini chochote, uliza kama mahali mnapoishi kuna ruzuku ya kodi, nyumba za wazee za halmashauri au msamaha wa ada kwa wastaafu, na masharti yake yanaangalia nini: kipato, akiba, au vyote. Uliza hata kama unaona aibu. Foleni za nyumba hizo huwa ndefu, na anayejiandikisha na miaka 61 yuko mbele ya atakayekumbuka akiwa na 70.

Nimeacha la mume wako mpaka sasa kwa sababu linabadilisha kila kitu nilichoandika hapo juu. Pensheni uliyoeleza inaonekana ni ya mtu mmoja: inalipwa mpaka ufe, basi. Mume wako ana miaka mitano zaidi yako, na mnaweza kudhani atatangulia. Hakuna anayejua hilo. Ukitangulia wewe, siku hiyo kipato cha nyumba kinakwenda sifuri na kodi inabaki ile ile. Mfiwa anahitaji paa zima, hata kama chakula na nauli vimepungua.

Mifuko mingi ina chaguo la pensheni ya wawili, ambapo anayebaki anaendelea kulipwa nusu, theluthi mbili, au yote. Gharama yake ni kwamba unaanza na kiasi kidogo zaidi. Kwa mpangaji, nusu haitoshi: ukianza na 90 na mumeo akabaki na 45, kwa kodi ya 30 inayopanda, ndani ya miaka tisa kodi imezidi 45. Mimi ningeuliza bei ya theluthi mbili kwanza. Kwa kuwa mumeo ni mkubwa kwako, makato yake huenda yakawa madogo kuliko unavyodhani, maana mfuko unatarajia kumlipa yeye kwa muda mfupi. Usichanganye na "uhakika wa miaka 10", ambao unasema tu kwamba ukifa mapema malipo yataendelea mpaka miaka hiyo iishe. Ukifa mwaka wa kumi na moja, hakuna kitu.

Tukiwa hapo hapo kwenye karatasi ya mfuko: je, wana pensheni inayopanda? Kawaida huwa ipo, na watu huikataa wakiona namba ya kwanza. Tuseme badala ya 100 inayosimama wanakupa 72 inayopanda asilimia 3 kila mwaka. Itaifikia 100 mwaka wa kumi na mbili, na jumla ya fedha zote ulizopokea italingana baada ya miaka 22 hivi. Kwa macho hayo, isiyopanda inashinda kwa mtu atakayeishi mpaka 85 na inashindwa kwa atakayefika 95. Lakini ushindi wake una sharti: ile ziada ya 28 ya mwaka wa kwanza si yako ya kutumia, ni kodi ya miaka yako ya themanini iliyokuja mapema. Anayejua kuiweka pembeni bila kuigusa, achukue isiyopanda. Anayejijua kwamba fedha ikiwa karibu haikosi shughuli, achukue inayopanda, imfungie mkono yeye mwenyewe. Baadhi ya mifuko inakubali kugawa, nusu hivi na nusu vile, na kwa familia zenye wazee waliofika tisini hilo ndilo ningependelea, kwa sababu hesabu yangu ya nyumba ya 30 inaishia kwenye miaka 85. Baada ya hapo, kwa pensheni isiyopanda, akiba imekwisha na gharama ni mara mbili ya pensheni. Siwezi kukuficha hilo.

Atatokea pia mtu wa kukwambia usichukue pensheni kabisa, uchukue fungu lote uliwekeze na kuchota kidogo kidogo. Atataja asilimia 4. Hiyo ilitoka kwa William Bengen, mshauri wa fedha wa Marekani, mwaka 1994: alipima soko la hisa na hati fungani (mikopo inayotolewa kwa serikali) la nchi yake na kuona kwamba aliyechota asilimia 4 mwaka wa kwanza, kisha akaongeza kulingana na mfumuko, fungu lilidumu miaka 30 hata katika vipindi vibaya alivyovipima. Hakuhesabu ada za mawakala. Ukiigeuza, maana yake ni kwamba kodi ya mwaka mmoja inahitaji fungu mara 25 yake. Kodi ya 40 kwa mwezi inadai fungu la 12,000, sawa na pensheni yako ya miaka kumi, kwa kodi tu, kabla hujala. Na soko likianguka miaka miwili ya mwanzo, mwenye nyumba hatasubiri lipande. Mpangaji ni mtu mwenye bili moja kubwa isiyoahirishika kila mwezi. Kwa mtu huyo kipato cha maisha kina thamani kuliko kwa mwenye nyumba yake.

Una miaka minne. Anzeni sasa kuishi kwa kile mtakachokuwa mkiishi nacho: matumizi yale ya 45, bila kujidanganya, na kinachobaki kwenye mshahara kiende akiba siku ile ile mshahara unapoingia. Mkishindwa kuishi kwa 45 mkiwa na mshahara, basi namba si 45, na ni heri kulijua hilo leo. Kama afya inaruhusu na mwajiri anakubali, kila mwaka unaoongeza kazini unafanya mambo matatu kwa pamoja: unachangia zaidi, akiba inakaa bila kuchotwa, na pensheni ina miaka michache ya kulipa. Pensheni za serikali nazo mara nyingi hulipa zaidi kwa anayesubiri. Marekani nyongeza ni kama asilimia 8 kwa kila mwaka baada ya umri kamili mpaka 70, Uingereza ni karibu 5.8. Kama una haki yoyote ya pensheni ya serikali, hata ndogo, angalia kama inapanda na mfumuko. Kumi inayopanda itakufaa miaka ya themanini kuliko ishirini iliyosimama.

Chumba cha ziada, mkiwa nacho, kinaweza kupangishwa, lakini omba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kwanza. Mikataba mingi inakataza na ni sababu ya kufukuzwa.

Sasa andika kwa mfuko, usipige simu. Omba makadirio matano kwenye karatasi moja: pensheni ya mmoja isiyopanda, ya wawili kwa nusu, ya wawili kwa theluthi mbili, hiyo ya theluthi mbili lakini inayopanda kwa asilimia 3, na ile yenye mkupuo, wakionyesha kodi ya mapato itakayokatwa kwenye mkupuo huo. Waulize kama kuna nyongeza kwa mwenye maradhi ya kudumu, maana kuna masoko ambako mwenye kisukari au presha hulipwa zaidi, na asiyesema hapewi. Waulize pia siku ya mwezi ambayo pensheni huingia benki. Ukishapata majibu, nitumie zile namba tano pamoja na kodi ya nyumba mliyoiona, na mfumuko wa kodi mtaani kwenu kutoka kwenye risiti zako. Usisaini fomu ya mfuko mpaka hapo, kwa sababu uchaguzi wa aina ya pensheni, ukishaanza kulipwa, kwa kawaida haubadilishwi.